Nani Alikunywa Oili ya Gari Letu

Kazi yetu ni kufua mashuka ya hospitali. Mashine mbili ziko kwenye chumba cha nyuma, na uani tumefunga kamba sita. Mimi nafua na kuanika. Mume wangu anapiga pasi na kukunja. Mdogo wangu wa kiume alikuwa dereva. Asubuhi alipeleka mashuka safi, jioni alirudi na machafu. Nasema alikuwa, kwa sababu sasa haendeshi tena. Yaliyomtoa kwenye usukani ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Watu walimwita Taratibu. Hakuwahi kukimbiza gari. Kifaranga akikatiza barabara, yeye alisimama mpaka kuku mwenyewe naye apite. Waomba lifti walimkimbia, lakini mashuka yangu yalifika bila kukunjamana.

Gari letu ni la dizeli, la zamani kidogo, na lina tabo. Tabo ni kifaa kinachosukuma hewa nyingi ndani ya injini ili gari lipate nguvu. Mume wangu analipenda gari hilo. Ana kitambaa chake cha kulifutia vumbi, na mimi nikikigusa ananuna mpaka jioni.

Kila Jumamosi alipima oili. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kijiti kina alama mbili. Oili ikiwa kati ya alama ya juu na ya chini, mambo ni mazuri. Jumamosi moja oili ilikuwa imeshuka mpaka alama ya chini. Akaongeza. Jumamosi iliyofuata imeshuka tena.

"Shemeji," mume wangu alimwita Taratibu, "gari linavuja?"

"Sijaona tone, shemeji. Lakini nikipanda mlima wa hospitali naona moshi wa bluu nyuma. Na nasikia harufu ya kuungua. Tulipeleke kwa fundi."

"Moshi? Mbona mimi sijauona?"

Angeuonea wapi? Yeye kutwa yuko na pasi.

Hata hivyo walilipeleka kwa fundi wa kando ya barabara. Fundi alifungua boneti, akachungulia kwa muda wa kupiga chafya mbili, akasema, "Tabo imekufa." Akaweka nyingine. Wiki ikapita. Oili ikashuka vilevile.

Hapo ndipo mume wangu alipogeuka mpelelezi. Jioni, gari likishaegeshwa, alitandika boksi safi lililokunjuliwa chini ya injini. Asubuhi alilitoa na kulikagua pande zote. Kavu. Akafanya hivyo siku tatu. Siku ya tatu aliniletea lile boksi nikiwa nasuuza.

"Mama watoto, niambie. Tone liko wapi?"

"Sioni."

"Oili imepungua au haijapungua?"

"Imepungua."

"Basi imekwenda wapi? Oili haina miguu."

Nilijua anakoelekea. Nilijua, na nikaendelea kusuuza.

Siku hiyo hiyo, wakati wa chakula cha mchana, aliweka kopo tupu la oili katikati ya meza.

"Shemeji, unamuuzia nani?"

Taratibu hakuelewa mara moja. Alitabasamu, akidhani ni utani. Kisha akaona uso wa mume wangu, na tabasamu likamwishia.

"Mimi niuze oili?"

"Chini hapavuji. Tabo ni mpya. Gari anaendesha nani mwingine?"

Taratibu aliweka kijiko chini. Alinigeukia mimi.

"Dada?"

Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni. Tangu akiwa mdogo, akiokota kitu njiani, alizunguka nyumba hadi nyumba kumtafuta mwenyewe. Nilijua hajaiba. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini mume wangu alikuwa amekunja uso, na mimi sikutaka ugomvi. Nikasema, "Kuleni kwanza. Chakula kinapoa."

Alisimama. Akaenda chumbani kwake, akatoka na begi. Ufunguo wa gari aliuweka kwenye meza ya pasi, juu ya mashuka yaliyokunjwa. Hakubamiza mlango. Aliufunga kwa adabu, kama siku zote.

Kama mume wangu angeishia hapo, pengine leo nisingekuwa na la kueleza. Hakuishia hapo. Mdomo haukufungika. Alimwambia mlinzi wa geti la hospitali. Alimwambia mtunza stoo anayepokea mashuka. Aliwaambia madereva wanaosubiri kivulini. "Nilikuwa nafuga mwizi ndani ya nyumba yangu," alisema, na akatia chumvi kila alipolirudia. Haikufika wiki mbili, kila mwenye gari alikuwa amelisikia neno hilo.

Sasa mume wangu akawa dereva. Pasi ikawa yangu, juu ya kufua. Jumamosi ya kwanza akapima oili. Imeshuka. Ya pili imeshuka zaidi, oili haikufika hata alama ya chini.

Nilimkuta amesimama na kijiti mkononi.

"Na sasa anaiba nani?" nikamuuliza.

Aliongeza oili, akafunga boneti, akaingia ndani. Nami sikumfuata. Nilikuwa na hasira naye, na hasira ile ilikuwa imechelewa.

Siku chache baadaye nilikwenda naye kupeleka mashuka, maana yalikuwa mengi. Tulipopanda mlima nikatazama kioo cha pembeni. Moshi wa bluu ulitufuata mpaka juu. Nikamtazama. Naye alikuwa ameuona, na nikajua si mara yake ya kwanza. Tulipofika getini, moshi mwingine ukaanza kutoka mbele, chini ya boneti.

"Zima injini! Shukeni! Msifungue boneti kwanza!"

Aliyepiga kelele ni fundi wa jenereta ya hospitali. Ni mama mtu mzima, mwembamba, mwenye tochi ndogo shingoni mchana na usiku. Wote wanamwita Mama Tochi. Alikuja mbio na mtungi wa kuzimia moto. Alisubiri, akanusa, akainama, akatazama chini. Moshi ukapungua wenyewe.

"Oili imedondokea bomba la moshi," alisema. "Bomba hilo huwa la moto sana, na tabo nayo ni hivyo hivyo. Mngeendelea kidogo mngewaka. Lisukumeni mpaka kwenye banda langu. Lipoe kwanza, ndipo tuongee."

Tulisubiri mpaka akaweza kuweka kiganja kwenye injini. Mume wangu hakuweza kunyamaza.

"Mama, gari hili halivuji. Nimetandika boksi siku tatu. Kavu kabisa."

"Ulitoa kava ya chini kabla ya kutandika?"

"Kava gani?"

Mama Tochi alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza jua linatokea wapi. Akatandika gunia, akajilaza chini ya gari, akafungua bolti sita. Sinia pana la plastiki likashuka. Kila siku lilikuwa hapo, chini ya injini, kuizuia isirukiwe na matope. Ndani yake kulikuwa na sifongo nene ya kuzuia kelele. Sifongo ilikuwa nyeusi, imelowa, na oili ilikuwa imetuama pembeni mwa sinia.

"Tone lako hili hapa," alisema. "Lilikuwa linalala humu. Boksi lako lingelionea wapi?"

Mume wangu aliangalia lile sinia bila kupepesa. Mimi nilikaa juu ya furushi la mashuka. Nilimfikiria mdogo wangu na begi lake.

"Hii ni sehemu tu," Mama Tochi aliendelea. "Sehemu nyingine mnaichoma. Ndiyo moshi wa bluu. Hamjawahi kuuona?"

"Mdogo wangu aliuona," nikasema. "Alisema tangu mwanzo."

"Basi mdogo wako ana macho. Yuko wapi?"

Nikaanza kukaza fundo la furushi nililokalia.

Mume wangu akaonyesha nyuma ya injini. "Hapo ndipo palipolowa zaidi. Patakuwa ndipo inapotoka."

"Hapo ndipo inapofikia," alisema Mama Tochi. "Oili hutelemka. Gari likitembea, upepo huisukuma nyuma. Ukitengeneza mahali palipolowa zaidi, utatengeneza mahali pasipo na kosa. Tafuta palipolowa juu kabisa na mbele kabisa. Lakini kwenye uchafu huu hutaona kitu. Tuoshe kwanza."

Alichovya kidole kwenye sinia, akasugua oili kati ya vidole, akainusa. "Nyeusi, nzito, ina harufu ya injini. Ingekuwa nyekundu ningeshuku gia. Ingekuwa maji yenye rangi na harufu tamutamu ningeshuku rejeta. Msionje kamwe, ni sumu."

Alifunika nyaya na sehemu za umeme kwa mifuko ya plastiki. Akapaka sabuni ya kuondoa grisi, akasugua kwa brashi, akasuuza kwa maji machache ya kopo. Hakupiga maji ya nguvu. Injini ikaachwa ikauke juani. Kisha akatoa poda ya mtoto mfukoni, akanyunyiza palipo na viungo vya mabomba, lakini si karibu na mikanda.

"Oili ikitoka, poda itabadilika rangi."

"Kama doa kwenye shuka," nikasema.

"Sawasawa. Wewe kazi hii ungeiweza."

Mume wangu alizungusha gari mara moja ndani ya ua wa hospitali, akapanda na kushuka mteremko wa wodi. Aliporudi, Mama Tochi alimwambia azime. Akawasha tochi, akaanza juu, akashuka polepole. Mikono yake haikugusa kitu.

Poda ilikuwa imelowa mahali patatu. Ukingo wa mfuniko wa juu wa injini. Mdomo wa bomba la kile kijiti cha kupimia. Na chini ya tabo, kwenye kiungo cha bomba nene.

"Sili tatu zimekufa," alisema mume wangu, akimaanisha mipira inayozuia oili isipenye kwenye viungo.

"Watatu wakifa kwa siku moja, bwana, kabla ya kuzika uliza nani kawaua."

Alituonyesha mabomba mawili ya tabo. Bomba jembamba hupeleka oili kwa nguvu, ili tabo isiungue, maana huzunguka kasi mno. Bomba nene huirudisha oili ndani ya injini. Hilo halina nguvu yoyote. Oili hushuka yenyewe tu.

"Sasa," alisema, "tumbo la injini likijaa hewa, hewa itaizuia oili kushuka. Oili itarundikana ndani ya tabo. Itajipenyeza kwenye sili zake, nyingine iingie kwenye injini, nyingine kwenye bomba la moshi. Itaungua, na mtaona bluu. Hata ukiweka tabo mpya kila wiki, itafanya vilevile. Mama, una glavu ya mpira?"

Nilikuwa nazo mfukoni, za kufulia. Nikampa moja. Alifungua mfuniko wa kujazia oili, akauvisha mdomo ule glavu, akaufunga kwa uzi.

"Washa. Usikanyage mafuta."

Injini iliunguruma kidogo. Glavu ikatikisika, ikainuka, ikajaa. Vidole vitano vikasimama wima juu ya injini. Wauguzi wawili waliokuwa wakipita walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

"Zima," alisema Mama Tochi. "Hewa hiyo ilitakiwa itoke kwenye mpira wa kupumulia. Kila injini ina mpira huo. Hebu tuufuate."

Aliushika mpira mweusi kutoka juu ya injini, akaufuata kwa tochi mpaka chini, mahali mwisho wake unapochungulia kando ya kava ikiwa imefungwa. Akasimama. Akavuta. Akavuta tena kwa koleo. Kikatoka kipande cha mti kilichochongwa vizuri, kimezungushiwa kitambaa na kukazwa kwa waya. Kitambaa kilikuwa cheusi kwa oili, lakini pembeni kilikuwa na mstari wa bluu. Ni mstari wa mashuka ya hospitali. Naufua kila siku.

"Huu ni mkono wa mtu," alisema Mama Tochi. "Nani aliziba?"

Nilisikia jenereta ikinguruma upande wa pili wa ukuta. Mume wangu alikuwa ameshika kitambaa chake cha vumbi, anakikunja na kukikunjua.

"Ni mimi," alisema.

"Kwa nini?"

"Mpira ulikuwa unadondosha oili uani. Siku moja shuka lilianguka kutoka kwenye kamba, likapata doa. Mama watoto alikasirika."

Nikakumbuka. Nilikasirika kweli. Nilimfokea mbele ya Taratibu, nikamwambia aizibe hiyo takataka, nisilione tena tone kwenye uwanja wangu. Na baada ya hapo sikuliona. Nilifurahi, nikasahau. Mume wangu alichonga mti wake, akaupima, akaukaza. Alijivunia kazi ile. Jumamosi iliyofuata oili ikaanza kupungua, na hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha mambo hayo mawili. Tulikuwa na mtu wa kumlaumu, tukaona inatosha.

"Mmemziba mtu pua halafu mnashangaa anatokwa machozi," alisema Mama Tochi, lakini kwa sauti ya chini. Nadhani alikuwa ameona nyuso zetu.

Aliwasha gari tena huku mpira ukiwa wazi. Glavu ililegea, ikalala. Akatufafanulia yaliyobaki. Mpira ukidondosha kidogo si ajabu kwa injini ya zamani. Unaning'iniziwa kopo lenye tundu la hewa, na kopo linamwagwa kila wiki. Likijaa upesi, injini yenyewe imechakaa, hiyo ni kesi nyingine. Alibadilisha gasketi ya bomba nene la tabo na sili ya mfuniko. Akaikausha oili iliyotuama kwenye mabomba ya hewa. Kava ya chini aliiosha, akairudisha.

"Kabla ya kupima kwa boksi, hii mnaitoa," alisema. "Na mkitoka safari ndefu msizime papo hapo. Iacheni injini ingurume dakika moja au mbili, tabo ipozwe na oili yake."

"Nimeelewa," alisema mume wangu. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeamka na homa.

Tangu siku ile gari letu halijapoteza oili. Sasa napima mimi, kila Jumamosi, injini ikiwa imepoa na gari likiwa mahali tambarare. Naandika kwenye daftari. Alama haijasogea. Moshi wa bluu haupo. Kopo linaning'inia kwenye mpira, na uwanja wangu ni msafi.

Mume wangu si mtu mbaya. Nalisema hilo japo bado nina uchungu naye. Kesho yake tu alikwenda kwa mtunza stoo, nami nikiwa nyuma yake na furushi.

"Nilikuambia shemeji yangu mwizi," alisema. "Nilikosea. Gari lilikuwa na tatizo, na tatizo nililifanya mwenyewe."

Mtunza stoo alicheka, akampiga bega. "Naelewa, bwana. Mama kalia nyumbani, sasa unamsafisha shemeji."

"Nasema kweli!"

"Ndiyo, ndiyo. Hata mimi nina shemeji." Akaendelea kuhesabu mashuka.

Mlinzi wa geti alisema, "Lakini oili si ilipungua kweli?" Mume wangu akamweleza habari za kava, tabo na glavu. Mlinzi alitikisa kichwa kwa heshima, kama unavyomsikiliza mtu aliyefiwa. Madereva wa kivulini walisikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akasema, "Ya familia hayo, yamalizeni nyumbani." Mume wangu aliposema mwizi, waliamini kabla hajamaliza sentensi. Aliposema si mwizi, walidai ushahidi.

Tukaenda kwa Taratibu. Yuko kwenye kiwanda cha matofali, anasukuma toroli. Mikono yake, iliyokuwa ya dereva, imepasuka. Mume wangu alisimama mbele yake kwenye vumbi, akasema yote, hata kile kipande cha mti. Akaomba msamaha. Machozi yalimtoka mbele ya wafanyakazi, na hakuyafuta.

"Nimekusikia, shemeji," alisema Taratibu. "Nimekusamehe."

"Basi rudi nyumbani. Gari ni lako."

"Nirudi nikapite geti lile? Nimeomba udereva kwa watu wanne. Wote waliniuliza kama ndimi yule mwizi wa oili."

Mume wangu alirudi kwenye gari, akakaa na mikono juu ya usukani. Tukabaki sisi wawili, mimi na mdogo wangu, kati ya marundo ya matofali.

"Dada," alisema, "siku ile mezani, wewe uliamini?"

"Hapana," nikamwambia. "Sikuamini hata kidogo. Nilijua hukuiba."

Nilidhani neno hilo litamfariji. Nilikuwa nimelibeba njia nzima kwa ajili yake. Alinitazama bila hasira.

"Afadhali ungeamini," alisema.

Akashika toroli lake, akaenda kupakia matofali.